Mbega Waliompa Mgongo Emerensiana

Mjini Sumbawanga, mtu akikuonyesha picha ya harusi ambayo hata bibi mwenye haya wa upande wa bwana harusi ametazama kamera na kutabasamu, huna haja ya kuuliza aliyeipiga. Ni Emerensiana. Studio yake ni chumba kimoja karibu na soko. Ukutani kuna pazia jeupe la picha za pasipoti, na pazia jingine lililochorwa maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, ingawa maporomoko ya kweli ya Kalambo yamo mkoani humo humo. Wateja wanayapenda yale ya pazia kwa sababu hayalowanishi nguo.

Kipaji chake kikubwa hakimo ndani ya mashine. Ni kukifanya kiumbe chochote kigeuke kimtazame. Mtoto anayelia siku ya ubatizo humpigia mluzi. Mzee aliyenuna humwuliza kwa sauti kama huyu aliyeketi pembeni yake ni mke au ni mjukuu. Na pale watoto wa komunyo ya kwanza wanapokuwa wengi, kila mmoja akitazama kwake, Emerensiana hupiga vigelegele virefu vya kukata anga, na macho yote humjia kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwake huwapa amri moja tu kabla hawajagusa kamera: picha ya mgongo haina mteja.

Wakati wa Kwaresima harusi hazifungwi, na studio hulala. Ndivyo alivyoanza kupanda Milima ya Mbizi. Kwanza alipiga maua, kisha ndege, hatimaye akaangukia mapenzi mazito kwa mbega mwekundu, yule mnyama mwenye kofia ya rangi ya kutu na mkia mrefu kuliko mwili wake, ambaye duniani amebaki katika misitu michache ya upande huu wa nchi. Emerensiana hakumjua kutoka vitabuni. Alilelewa na shangazi yake, Bertilla, katika kijiji cha Isyamba kilicho chini ya msitu, na utotoni aliamini kwamba mbega ni majirani wa juu ambao hawapendi kusalimiana.

Juu ya Isyamba, kwenye bonde dogo kati ya vilele viwili, kuna ukanda mwembamba wa miti unaouunganisha msitu mkubwa na kipande kingine cha msitu kilichojitenga ng'ambo. Wanakijiji wanauita Shingoni. Ardhi yake ni ya kijiji, na udongo wake ni mweusi, wa kunona, udongo wa kumtoa mkulima wa ulezi mate. Mwaka huu, mavuno ya ulezi yakiwa bado mashambani, Mzee Modesti alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema wazi yale ambayo wengi walikuwa wakiyanong'ona.

Mzee Modesti si mtu mbaya. Ni mchapakazi, mcheshi, mwenye wana wanne wanaotaka mashamba, na shamba lake limepakana na Shingoni kabisa. Alisema kijiji kiliiacha miti ile kwa ajili ya njia ya mbega. Sawa. Lakini tangu moto uliopita pale miaka ya nyuma, mbega hawapiti tena. "Mimi napita Shingoni kila siku ya Mungu," alisema. "Sijaona hata mkia. Sasa tunamlindia nani njia?"

Watu walicheka, wengine wakaitikia kwa vichwa. Shangazi Bertilla, ambaye hajapata kushindwa kujibu, alisimama na kusema mbega wapo, na kwamba mtoto wa kaka yake ana kamera na atawaletea picha. Mwenyekiti wa kijiji, Polikarp, akaona hiyo ni njia ya amani. Aliahirisha uamuzi hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa. Picha ikiletwa, Shingoni itabaki. Isipoletwa, panga na jembe vitapanda.

Emerensiana aliyajua haya yote kwa simu, wakati akimwekea bibi harusi shela vizuri mbele ya maporomoko yasiyolowanisha. Alimwambia shangazi yake kwamba angepaswa kumwuliza kwanza. Shangazi akajibu kwamba angemwuliza, angekataa.

Siku aliyopanda kwa mara ya kwanza kuitafuta picha hiyo alikuwa na kibali cha kuingia msituni na mwenyeji wa kumwongoza. Huyu alikuwa Wilibrodi, mlinzi wa msitu wa kijiji, mtu mrefu mwenye koti la jeshi la mitumba na tabia ya kunusa ugoro kila anapotaka kufikiri. Walikwenda kwanza msitu mkubwa, kujua kundi liko wapi. Baridi ya kipupwe ilikuwa ikiuma masikio. Wilibrodi aliweka sharti la kukaa mbali, kunong'ona, na kuondoka mara tu mnyama atakapoacha kula na kuanza kuwatazama. Emerensiana aliapa. Alizima mwanga wa kamera, akazima na mlio wake, akaizima na simu.

Walilikuta kundi likila majani machanga juu ya mti mkubwa. Walikaa kwenye gogo, kimya. Ndipo tawi likasogea, akatokea mama mbega, na kifuani mwake, katikati ya manyoya, ukachomoza uso mdogo mweusi wa kitoto kilichozaliwa karibuni, macho duara, kikiutazama ulimwengu kana kwamba kimeuagiza na sasa kinaukagua.

Ufipani mtoto mchanga akitolewa nje kwa mara ya kwanza, mwanamke aliye karibu hafikiri. Emerensiana naye hakufikiri. Kabla kidole hakijafika kwenye kitufe, vigelegele vilikwisha kumtoka.

Msitu ulipasuka. Mbega walirukia huku na huku, matawi yakavunjika, na yule mama akaruka umbali ambao haukumtosha. Akadaka tawi kwa mkono mmoja, kitoto kikining'inia kwenye manyoya ya tumbo lake. Kwa pumzi moja kila kitu kilining'inia. Kisha akajivuta juu, akapotea. Mvua ya majani iliendelea kuanguka muda mrefu baada ya wenyewe kuondoka.

Wilibrodi alitoa kopo la ugoro, akalitazama, akalirudisha mfukoni. "Mama," alisema taratibu, "mimi nilikuwa naogopa chafya yangu."

Emerensiana alitamani ardhi immeze. Alisema wafuate polepole, pengine wametulia karibu. Wilibrodi akakataa. Alisema waliotishwa leo waachwe leo, na kesho pia, wapate kula, washibe na wasahau. Njiani kuteremka, Emerensiana alifungua kamera. Kulikuwa na picha moja, kidole kilikuwa kimebonyeza chenyewe. Ilikuwa kali, safi, uso wa mama umeelekea kamera moja kwa moja, macho wazi kabisa. Kwa kanuni zote za studio ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopiga maishani. Aliitazama tena, akaona kile ambacho macho yale yalikuwa yakisema, akaifuta.

Jioni hiyo walikaa jikoni kwa shangazi, moto katikati, ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Kipili, kwenye sahani. Shangazi Bertilla alicheka habari ya vigelegele mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Kisha akatoa shauri. Kila mtu Isyamba anajua jinsi ya kuwahamisha nyani kutoka kwenye mahindi: unapiga madebe. Basi yeye na wanawake wenzake wa jumuiya wangepanda msitu mkubwa wakapige madebe kwa nyuma, mbega wakimbie, na njia ya kukimbilia ni Shingoni tu. Emerensiana angekaa pale na kamera yake kama mtu anayengoja maandamano ya harusi.

"Watapita wote, na nyuso zao utaziona," alisema. "Nusu saa tu, tumemaliza na Modesti."

Ukweli ni kwamba shauri lilimvutia. Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa ikija mbio, na yeye alikuwa amekwisha kuharibu siku moja. Lakini kila alipofumba macho alikiona kitoto kile kikining'inia. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilifikiri hadi ugali ukapoa.

"Shangazi," alisema, "ukimkimbiza mgeni kwa rungu akapita sebuleni kwako, unaweza kusema alikuja kukutembelea?"

Shangazi akamega tonge, akalichovya, akasema kwamba mtoto huyu shule ilimharibu. Lakini alisema kwa fahari, na habari ya madebe haikurudi tena.

Basi ikabaki kazi ya kufikiri. Wilibrodi alisema amewahi kuona kinyesi cha mbega Shingoni, kwa hiyo wanakuja. Modesti alisema hajaona hata mkia, na Modesti si mwongo. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na Emerensiana akajiuliza inawezekanaje. Alimwuliza Mzee Modesti mwenyewe, baada ya kumwamkia shikamoo kwenye njia ya kisimani, huwa anapita Shingoni saa ngapi. Mzee akaitikia marahaba, akasema huenda baada ya uji, jua likishapanda; kabla ya hapo baridi ya kule ni ya kuua wazee, na yeye bado ana kazi duniani. "Unanifanyia upelelezi, Mama Picha?" alimwuliza. Emerensiana akasema ndiyo. Mzee akafurahi sana.

Hapo ndipo ujuzi wa studio ulipomfaa. Mpiga picha za harusi hajui mengi kuhusu wanyama, lakini anajua mwanga. Hawezi kuingia kwenye ua wa mtu bila kujua jua litapiga wapi na kivuli kitalala wapi. Emerensiana alisimama uani kwa shangazi asubuhi, akatazama mlimani. Jua la Ufipa upande ule hutokea nyuma ya vilele, kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Msitu mkubwa ulikuwa bado mweusi, umefunikwa na kivuli cha kilele chake. Kila kitu kilikuwa kivuli, isipokuwa mahali pamoja tu. Pale vilele vinapoachana, mwanga ulipenya na kumwagika juu ya miti ya Shingoni, ukaing'arisha kama dhahabu ya kikombe cha misa. Kwa muda mzuri tu, palikuwa mahali pekee penye joto mlima mzima.

Kama mimi ningekuwa na mtoto mchanga na nimelala kwenye tawi usiku wa kipupwe, aliwaza, asubuhi ningekwenda kuota jua wapi?

Shangazi ana dungu shambani kwake, kibanda kile cha kukalia juu ya nguzo wakati wa kulinda mazao. Liko chini ya Shingoni, mbali kiasi cha kutomsumbua mtu wala mnyama, na mbega wamelizoea tangu walipozaliwa. Emerensiana alipanda humo alfajiri, akiwa na makoti mawili, kofia ya sufu, chupa ya chai ya tangawizi, na lenzi ndefu aliyoazima kwa rafiki yake wa Namanyere. Mdomo wake hakuuamini tena, kwa hiyo aliufunga kwa kanga, akakaza fundo kisogoni. Wilibrodi, aliyekuwa akimsindikiza, alisema sasa amefanana na mwali, akaenda zake kukagua mipaka ya msitu.

Asubuhi ya kwanza uliingia ukungu, hakuona hata kidole chake. Iliyofuata walikuja ndege, wakaota jua, wakaondoka. Nyingine ilikuwa ya upepo, na dungu lililia kama mlango wa kanisa la zamani. Shangazi alimletea viazi vitamu vya kuchemsha, akamwuliza kwa kunong'ona kama amekufa. Jambo la ajabu ni kwamba Emerensiana, mwanamke ambaye kazi yake yote ni kuwaambia watu wageuke, wasogee, wacheke, alianza kupenda kukaa bila kumwamuru yeyote. Jua lilifanya kazi yake bila kuulizwa.

Siku moja kabla ya ile Jumapili, mwanga ulipofika Shingoni, mti ulitikisika.

Walikuja mmoja mmoja, kama waumini wa misa ya kwanza, wanaotafuta nafasi zao bila haraka. Walipanda matawi ya juu yaliyo wazi, wakaketi wakitazama mashariki, wakafungua vifua vyao kwa jua. Mikia yao mirefu ilining'inia chini, mingi, imenyooka, kila mmoja ukiwa na mstari wa mwanga pembeni. Mama mbega mmoja alikaa mwishoni mwa tawi. Ubavuni mwake ulichungulia mkia mwembamba kama uzi.

Emerensiana alihisi vigelegele vikipanda kutoka tumboni. Vilifika kooni. Aliing'ata kanga kwa meno yote aliyo nayo, machozi yakamtoka, na vigelegele vikashuka polepole kama mtu mzima anayeteremka ngazi.

Kisha akaweka jicho kwenye kamera, akaona tatizo. Wote walikuwa wamempa mgongo.

Angeweza kushuka. Upande wa pili wa Shingoni kuna mwinuko. Angezunguka kwa kuinama, na angewapata uso kwa uso, wamejaa jua. Lakini ili afike angelazimika kuvuka shamba la wazi lililo upande huo, mbele ya macho yao, kisha asimame kati yao na lile jua walilolifuata. Angeweza pia kupiga mluzi, mmoja tu, mdogo. Mdomo ulikuwa umefungwa, lakini fundo la kanga ni fundo tu.

Hakushuka wala hakupiga mluzi. Alipiga migongo. Alipiga mikia. Mmoja alijikuna, mwingine akamchambua mwenzake manyoya, kitoto kikamkanyaga mama yake kichwani, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba duniani kuna mtu anaitwa Emerensiana. Jua lilipopanda na kufika msitu mkubwa, walijinyoosha, wakarudi walikotoka. Baada ya muda, Mzee Modesti alionekana akipita njiani na jembe begani, akitazama miti mitupu, ameshiba uji.

Jumapili, misa ilipokwisha, watu walikaa nje ya ofisi ya kijiji, makoti yamefungwa mpaka shingoni. Emerensiana alileta picha moja kubwa aliyoichapisha mjini usiku wa kuamkia siku hiyo, imefungwa ndani ya kitenge, na ilikuwa imepakatwa kwenye bodaboda kama mtoto. Aliifungua akaisimamisha juu ya meza ya mwenyekiti.

Mtu wa nyuma akauliza mbona wametupa mgongo, je, tumewakosea nini. Watu wakaangua kicheko. Emerensiana akasema hapana, wanaota jua, na hawakujua kama wanapigwa picha. Angetaka nyuso angelazimika kuwatisha, na aliyetishwa hawezi kutoa ushahidi wa kwake mwenyewe.

Mzee Modesti alisimama. Alivaa miwani yake, akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alikuwa na swali la haki, na alilisema kwa heshima: miti yote ya Mbizi inafanana, nani anajua kama hapa ni Shingoni, na si huko ndani kwenye msitu wa serikali?

Emerensiana aliweka kidole kwenye kona ya chini ya picha. Pale, nje ya miti, palikuwa na lundo la ulezi uliovunwa, limefunikwa kwa turubai la bluu, na juu ya turubai kipande cha bati chakavu na tairi la baiskeli la kulizuia lisipeperuke.

Mzee Modesti alilitazama lile tairi kwa muda. Watu wote Isyamba wanajua lile tairi ni la shamba lake. Mabega yake yakaanza kutikisika, na wote wakadhani amekasirika, hadi alipovua miwani wakaona anacheka.

"Kumbe nimewalindia kiti," alisema, "na mimi nakuja wakiwa wameshanyanyuka." Akageuka kwa mwenyekiti. "Nilisema sijaona hata mkia. Sasa nimeona mikia mpaka imenitosha. Andika Shingoni ibaki."

Polikarp aliwauliza wengine, mikono ikapanda, hata ya wana wa Modesti, ingawa wa mdogo wao ulipanda taratibu. Hapo Shangazi Bertilla akamgeukia mtoto wa kaka yake na kumkumbusha kwamba pale si msituni. Emerensiana akavuta pumzi. Vile vigelegele vilivyongoja tangu juu ya dungu vilitoka vyote kwa pamoja, virefu kuliko vya harusi yoyote, na wanawake wa Isyamba wakavidaka na kuvipeleka mbele. Wilibrodi alipiga chafya ya nguvu, kwa hiari yake.

Sasa nakala ya picha ile ipo studio, katikati ya pazia jeupe na pazia la maporomoko. Nakala nyingine ipo sebuleni kwa Mzee Modesti, aliyeiomba mwenyewe, na ambaye huwaonyesha wageni turubai kwanza na mbega baadaye. Ile ya studio imekatwa kona, haina turubai wala tairi. Wageni wenye kamera kubwa wameanza kufika mjini, na baadhi hutaka kuambiwa ni mti gani hasa, wa njia ipi. Emerensiana huwakaribisha kiti, huwaelekeza ofisi ya misitu wakachukue kibali na mwongozaji, na huwasimulia habari ya vigelegele vyake bila kujihurumia. Wakizidi kuuliza ni wapi hapa, huwajibu kwa uso mkunjufu kabisa.

"Kwao," husema, kisha hurudi kwa mtoto wa ubatizo anayelia mbele ya pazia, na kumpigia mluzi.